Uzi: Maji ya miaka 70, na kwa nini hiyo namba haifi

Haya, twende. Baada ya uzi wa ugatuzi wengi mliniomba niandike kuhusu maji. Sitaji mwanasiasa wala chama, mnajua sheria ya hapa. Ukitaja kwenye majibu, hiyo ni juu yako.

Kila msimu wa midahalo kuna mahali mwendeshaji anafika na kuuliza kuhusu ukame wa kaskazini. Na karibu kila mara kuna mtu jukwaani anasema kwamba chini ya Turkana kuna maji ya kutosha nchi nzima kwa miaka 70, shida ni uongozi tu. Makofi. Mpinzani wake, badala ya kumuuliza hiyo 70 imetoka wapi, anaahidi visima vingi kumshinda. Makofi tena. Wanahamia swali la ushuru.

Mimi ni mtoto wa Nyamarambe, South Mugirango. Kwetu mvua si habari. Kisii inapata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Lodwar inapata kama 200 hivi. Nimekua nikichota maji kwenye chemchemi iliyo chini ya shamba la ndizi, na kama mna ndugu huku mnajua tunavyobishana kuhusu mikaratusi iliyopandwa kando ya hizo chemchemi. Kwa hiyo niliposikia hiyo namba mara ya kwanza, nikiwa shule ya msingi, niliiamini kabisa. Kwani maji ya chini yanaisha? Yetu hayajawahi kuisha. Nimekuja kuielewa chuoni, nikiandika karatasi ya muhula kuhusu maeneo kame. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanzie nyuma kidogo, kwa sababu ahadi ya kisima huko kaskazini ina miaka mingi kuliko Kenya yenyewe. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimtuma mwanajiolojia aitwaye Frank Dixey kuangalia maji ya ile iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Visima na mabwawa vilivyofuata havikuwa vya kumpa mtu maji ya kunywa tu. Vilikuwa pia chombo cha kupanga nani achunge wapi. Ukishika kisima, umeshika malisho, na ukishika malisho umemshika mfugaji. Kumbukeni hilo, litarudi.

Halafu ikaja 1965. Mkisoma sayansi ya siasa Kenya hamuwezi kuukwepa Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka huo, ule wa Ujamaa wa Kiafrika. Kuna sehemu inasema pesa za maendeleo ziende pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Kwa lugha ya kawaida, kwetu Kisii ndani, Turkana na Wajir nje. Sisemi kwamba Kisii tulioga pesa, msinianze. Nasema kwa miongo kadhaa sehemu kame, ambazo ni kama asilimia 80 ya nchi, zilichukuliwa kama mahali pa kupeleka msaada wakati wa njaa, si mahali pa kuwekeza. Na mahali usipowekeza hupimi. Huweki mtu wa kukaa na kisima miaka 30 akiandika maji yako kina gani.

Katiba ya 2010 ikabadilisha hesabu. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 204 kikaanzisha Mfuko wa Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa miaka 20, kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma, na maji yametajwa humo kwanza kabla ya barabara, afya na umeme. Serikali za kaunti zikaanza kazi 2013. Turkana ilikuwa imepata mafuta mwaka uliotangulia, 2012, kwenye kisima cha Ngamia 1. Yaani kulikuwa na hamu. Nchi nzima ilikuwa inasubiri habari njema kutoka Turkana.

Ikaja. Tarehe 11 Septemba 2013, Nairobi, serikali na UNESCO wakatangaza kwamba kumegunduliwa hifadhi kubwa za maji chini ya Turkana. Pesa za utafiti zilitoka serikali ya Japani. Kazi ilifanywa na kampuni ya Radar Technologies International, ya Mfaransa Alain Gachet, ambaye alitoka kwenye sekta ya mafuta. Mbinu yao ilikuwa kuchanganya picha za setilaiti, rada, ramani za jiolojia na vipimo vya mitetemo ya ardhi, kisha kusema: chimba hapa. Walionyesha hifadhi tano. Mbili zilithibitishwa kwa kuchimba, ya Lotikipi na ya Lodwar. Makadirio ya jumla yalikuwa mita za ujazo bilioni 250.

Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Sasa zidisha kwa bilioni 250. Ukishangaa, uko sawa, hata mimi nilishangaa.

Hapo ndipo 70 ilipozaliwa. Gawanya bilioni 250 kwa 70 utapata kama bilioni 3.6 kwa mwaka, karibu na kiasi ambacho nchi ilikadiriwa kutumia. Hesabu yenyewe haina kosa. Shida ni kwamba ni hesabu ya ghala: una magunia mangapi, unakula mangapi kwa mwezi, utamaliza lini. Haiulizi kama yale magunia yana mahindi mazuri. Haiulizi kama unaweza kuyafikia yote. Na haiulizi nani anajaza ghala, lini, na kwa kasi gani.

Niwe mkweli kwa UNESCO: kwenye tangazo lenyewe walisema utafiti zaidi unahitajika kujua kiasi na ubora wa hayo maji. Iliandikwa. Lakini nani alisambaza hiyo aya? Kilichosambaa ni 70.

Utafiti zaidi ukafanyika. Maji ya visima vya Lotikipi yalipopimwa yakakutwa na chumvi kupita kiwango cha maji ya kunywa. Hifadhi kubwa kuliko zote, ile iliyobeba sehemu kubwa ya zile bilioni 250, maji yake si ya kunywa bila kusafishwa kwa mitambo ya gharama. Ile ya Lodwar ni ndogo zaidi ila ina maji matamu mengi, kwa sababu inalishwa na mto Turkwel. Watu wa mji wa Lodwar walikuwa wanaitegemea hata kabla ya tangazo. Hiyo habari ya chumvi ilitoka magazetini. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi na hakuna mtu aliyeirudia darasani. Ile ya 70 mwalimu aliiandika ubaoni.

Sasa hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu mwaka huohuo wa 2013 kulikuwa na habari nyingine ya maji ya chini kutoka nchi kame, jirani hapa Tanzania, na nina hakika wengi wenu hamkuisikia.

Kaskazini mwa Dodoma kuna bonde linaitwa Makutupora. Ndilo lenye visima vinavyonywesha mji wa Dodoma. Ni nchi kame, mvua yake kwa mwaka iko chini ya milimita 600. Tangu miaka ya 1950, watu wa idara ya maji pale wamekuwa wakifanya kitu kimoja cha kuchosha sana: kwenda kwenye visima, kushusha kamba ya kupimia mpaka iguse maji, kusoma kina, kuandika kwenye daftari, kurudi. Walianza chini ya mkoloni, wakaendelea chini ya Tanganyika huru, chini ya Ujamaa, chini ya mageuzi ya uchumi, chini ya vyama vingi. Mafaili yakaganda vumbi lakini hayakutupwa.

Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha uchambuzi wa hizo kumbukumbu kwenye jarida la Nature Climate Change. Miaka 55 ya kiwango cha maji ya chini, kutoka 1955 hadi 2010. Hakuna sehemu nyingi kame za kitropiki duniani zenye kitu kama hicho.

Na ile grafu inasema nini? Inasema maji ya Makutupora hayajazwi na mvua ya kawaida. Mwaka wa kawaida kiwango kinashuka. Mwaka unaofuata kinashuka tena. Na tena. Miaka kadhaa mfululizo kinashuka tu, hata kama mvua imenyesha na watu wamevuna. Halafu unakuja msimu mmoja wa mvua isiyo ya kawaida, na mstari unaruka juu ghafla. Halafu unaanza kushuka upya. Misimu michache tu ndiyo iliyojaza sehemu kubwa ya maji katika ile miaka 55, na mikubwa yake inaendana na El Niño na joto la Bahari ya Hindi. Mruko mkubwa kuliko yote ni wa 1997–98.

Sikuwa nimezaliwa, lakini mama hunihadithia ile mvua ya El Niño: madaraja kwenda, mashamba ya mteremko kuporomoka, mto Gucha kugeuka kitu kingine. Kwetu ilikuwa janga. Dodoma, chini ya ardhi, ilikuwa akiba ya miaka.

Kwa nini iko hivyo? Kwenye nchi kame mvua ndogo haifiki chini. Udongo mkavu unaimeza, mizizi inaichukua, jua linamaliza. Inabidi inyeshe sana, kwa muda mrefu, mpaka vijito vya mchanga kama Kinyasungwe Mdogo vipate maji na kuyashusha taratibu. Ndiyo sababu wastani wa mvua haukwambii mengi kuhusu kisima. Watu wawili wanaweza kukuonyesha wastani uleule, na mmoja akawa na maji na mwingine hana.

Sasa lete hilo kwenye siasa. Muhula wa kiongozi ni miaka 5. Kipindi cha kushuka kwa maji kinaweza kuwa kirefu kuliko muhula. Kiongozi anaweza kuchimba visima 200, vikatoa maji vizuri miaka yake yote, kumbe anatumia mvua iliyonyesha kabla hajaingia ofisini. Anayemfuata anakuta visima vinakohoa, anaambiwa ameshindwa kazi. Wa tatu anapata mwaka wa El Niño, anasimama juu ya kisima kilichofurika na kupiga picha. Bila daftari huwezi kujua nani alifanya nini. Na hiyo, kwangu mimi, si hoja ya wanajiolojia peke yao. Ni hoja ya uwajibikaji, ileile tunayoipigia kelele tukiongea kuhusu vitabu vya mkaguzi wa hesabu.

Turudi Kenya, kwa sababu najua mtu tayari anaandika hapo chini kwamba Dodoma si Wajir.

Kweli, si Wajir. Wajir mjini maji ya chini yako karibu sana na uso wa ardhi, na mji uliota hapo kwa sababu ya hivyo visima vifupi. Lakini ukaribu huo ulileta shida yake. Choo cha shimo kinaingia moja kwa moja kwenye maji, hivyo kwa miongo mingi mji ulitumia vyoo vya ndoo. Soma tena: makao makuu ya kaunti, vyoo vya ndoo, kwa sababu ya kiwango cha maji ya chini. Na bado visima vikachafuka.

Suluhisho lililopendekezwa lilikuwa kuvuta maji kutoka Habaswein, kama kilomita 100 hivi kusini, kwa bomba. Habaswein iko juu ya hifadhi ya Merti, ile inayoanzia upande wa Isiolo na kwenda hadi Dadaab na kuvuka Somalia. Katikati ya Merti kuna maji matamu, na pembeni yamezungukwa na maji ya chumvi. Ukivuta sana sehemu moja, chumvi inaweza kusogea. Kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizofunguliwa 1991–92 na kupita watu 400,000 wakati wa ukame wa 2011, zinakunywa kutoka hifadhi hiyohiyo.

Watu wa Habaswein wakauliza swali la haki kabisa: mkivuta maji yetu kupeleka mjini, yetu yatabaki kina gani? Na hapa namba ilikosekana. Mwaka 2015 watafiti wa kituo cha kimataifa cha kilimo-misitu kilichoko Nairobi walichapisha tathmini ya huo mradi. Kwa kifupi, wakaaji wa Wajir wanaweza kunufaika, lakini jinsi mradi ulivyokuwa umepangwa ulibeba hatari kubwa, na faida kwa Habaswein haikuwa wazi. Sehemu kubwa ya ugumu ilikuwa kwamba mambo mengi ya msingi hayakuwa yamepimwa.

Mnakumbuka Dixey? Ukishika kisima umeshika malisho. Habaswein walikuwa wanazungumza lugha hiyohiyo, miaka 70 baadaye. Kumbe kuna 70 mbili.

Midahaloni, mgogoro kama huu hugeuzwa haraka kuwa wa koo au wa wakimbizi dhidi ya wenyeji, kwa sababu hiyo inauzika. Lakini ukiwa na kumbukumbu za kiwango cha maji za miaka 20, unaweza kukaa mezani na kusema: kisima hiki kimeshuka mita kadhaa, kile hakijashuka, chumvi imepanda hapa. Ukiwa huna, kinachobaki ni nani ana sauti kubwa na nani ana wabunge wengi.

Basi ni kazi ya nani kupima? Hapa ndipo pazuri kwa sisi wa katiba. Jedwali la Nne linaipa serikali ya taifa ulinzi wa rasilimali za maji, na kuzipa kaunti huduma za maji. Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iliyoundwa upya na Sheria ya Maji ya 2016, ndiyo inayotoa kibali cha kuchimba, na mchimbaji anatakiwa apeleke kumbukumbu ya kisima: kina chake, miamba aliyopita, maji yalisimama wapi, na jaribio la kuyavuta lilitoa nini. Kaunti ndizo zinazochimba na kukata utepe. Anayesifiwa si anayepima. Na ile kumbukumbu ya siku ya kuchimba ni kipimo kimoja tu, kama picha ya pasipoti. Makutupora ni albamu.

Ukame wa hivi karibuni, ule wa misimu 5 mfululizo ya mvua kukosekana kuanzia mwisho wa 2020, ulisukuma watu zaidi na mifugo zaidi kwenye visima virefu. Mifugo ilikufa kwa wingi, na pale ambapo kisima kiliendelea kutoa maji kilikuwa ndicho kitu pekee kilichobaki. Sipingi visima. Mtu akiniambia nimwambie mama wa Loima asubiri grafu ya miaka 55 kwanza, nitamwambia akae kimya. Chimba. Lakini gharama ya kamba ya kupimia na mtu wa kuishusha mara moja kwa mwezi ni ndogo mno ukilinganisha na kuchimba kisima kingine pembeni ya kile kilichokauka.

Kwa hiyo mdahalo ujao, mtu akisema miaka 70, mna maswali matatu ya kuweka chini ya video. Maji ya hifadhi gani, ya Lotikipi au ya Lodwar? Chumvi yake ni kiasi gani? Na kiwango chake kilikuwa kina gani mwaka jana, na mwaka wa kabla yake? La tatu ndilo hawalipendi.

Nilijaribu hilo la tatu nyumbani, Krismasi iliyopita. Kuna kisima kirefu karibu na shule moja huku kwetu, kilichimbwa mwaka wa kampeni, kikazinduliwa kwa ngoma na mahema. Siku hizi pampu inavuta saa mbili asubuhi kisha inapumzika mpaka jioni. Nikamuuliza mzee anayekitunza maji yako kina gani. Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, mimi najua tu yakitoka na yasipotoka." Nikamuuliza kama kuna mtu amewahi kuja kupima. Akasema ndiyo, siku ya kuzindua walikuja na mkanda.

Walipima mahali pa kusimamisha hema.

Uzi ujao ni wa Mfuko wa Usawazishaji: pesa ngapi zilitakiwa kutoka na ngapi zilifika. Kama uko Dodoma, Wajir au Lodwar na unashinda na visima, nirekebishe hapo chini. Nasoma yote.